'Kule' ya Mmaasai si 'kule' ya Mswahili

MGENI kutoka pwani akifika Kajiado, akamwuliza mama wa Kimaasai amebeba nini kibuyuni, huenda akajibiwa neno moja tu: "Kule." Mgeni atainua macho atazame upeoni, akitafuta anachoelekezwa. Hataona kitu, kwa maana hakuelekezwa popote. Kwa Kimaasai, kule ni maziwa, na yale yaliyoachwa yakagandia kibuyuni huitwa kule naoto.

Herufi ni zile zile nne. Mswahili huzitumia kuonyesha mahali palipo mbali, Mmaasai kutaja chakula chake cha asili. Mkazi wa Istanbul, Uturuki, akisema kule anazungumzia mnara, na huko Norwei neno lenye umbo hilo laweza kuwa tufe au risasi ya bunduki. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Ni maneno pacha yasiyozaliwa na mama mmoja.

Kajiado ni mahali pazuri pa kuchunguza jambo hili, kwa sababu hapo zinakutana familia mbili za lugha zisizo na undugu unaojulikana. Kimaasai, au Maa kama wenyewe wanavyoiita, ni lugha ya Kiniloti, jamaa ya Kiturkana na, kwa mbali zaidi, Kijaluo. Kiswahili, Kikuyu na Kikamba ni za Kibantu. Hata jina la kaunti ni la Kimaasai: limetokana na Olkejuado, yaani mto mrefu. Lakini katika miji kama Kitengela na Ongata Rongai, lugha ya soko ni Kiswahili, na wakazi wanazidi kumiminika. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya 2019 ilihesabu 1,117,840.

Pacha anayejulikana zaidi ni ole. Katika Kiswahili, ole ni neno la onyo na majonzi. Mtu akiambiwa "ole wako" hujua mambo yamemwendea mrama. Katika Kimaasai, ole ni kiunganishi cha ukoo kinachotumiwa kwa mwanamume, kumaanisha kwamba ni wa fulani. Ndiyo maana gavana wa kwanza wa Kajiado, aliyechaguliwa 2013, anaitwa David ole Nkedienye, na aliyemfuata mwaka 2017 ni Joseph ole Lenku. Msomaji asiyejua Kimaasai angedhani viongozi hawa wamebandikwa laana mbele ya majina ya jamaa zao, ilhali ni heshima ya kutambulishwa kwa ukoo. Wahispania nao hupaza sauti "olé" wanapomshangilia mpigana na fahali. Laana huku, ukoo kule, shangwe ng'ambo.

Salamu nazo zina mitego yake. Mwanamume wa Kimaasai husalimiwa "Sopa" naye hujibu "Epa", jambo ambalo sikio la Kiswahili laweza kulichukua kama amri ya kukwepa kitu. Mwanamke husalimiwa "Takwenya" na hujibu "Iko". Mchuuzi mgeni aliyetoka kuuliza kama bidhaa ipo angefurahi bure.

Kwa nini haya hutokea? Sababu kubwa ni hesabu. Chukua lugha ya kufikirika yenye konsonanti 20 na irabu tano, ambayo kila silabi yake ni konsonanti ikifuatwa na irabu. Itapata silabi 100, na maneno ya silabi mbili hayawezi kuzidi 10,000. Lugha mbili zikichota katika kisima kidogo namna hiyo, ndoo zao hazina budi kugongana. Maandishi huongeza mkanganyiko. Kimaasai kina irabu tisa, lakini tahajia ya kawaida huzibana katika herufi tano tulizozizoea, tena haionyeshi kidatu cha sauti, ambacho katika lugha hiyo hutofautisha maana. Kwa hiyo, maneno mengi yanayolingana kabisa karatasini hayalingani masikioni.

Hata hivyo, si kila mfanano ni bahati nasibu. Wakikuyu na Wakamba humwita Mungu Ngai, na wataalamu wengi hulihusisha jina hilo na Enkai ya Wamaasai. Hapo ni ukopaji wa majirani. Lakini neno lilipovuka lilipunguza mzigo: Enkai ni Mungu, na pia mbingu na mvua, wakati Ngai alibaki Mungu tu. Papa ni kisa kingine. Mmaasai humwita hivyo baba yake, Mswahili humwogopa baharini, na Wakatoliki humtii akiwa Roma. Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza kwamba maneno ya aina ya mama na papa hutokana na sauti za kwanza za mtoto mchanga, ndiyo maana hufanana duniani kote. Hata hapo maana huweza kugeuka: katika Kijojia, mama ni baba.

Undugu wa lugha nao si kinga. Kikuyu na Kiswahili ni za familia moja, lakini neno ambalo Mkikuyu hulitumia kueleza alikotoka haliwezi kuchapishwa katika gazeti la Kiswahili.

Mambo haya huchekesha barazani, ila yapo mahali ambapo hayachekeshi. Mkataba wa Agosti 1904 baina ya Wamaasai na serikali ya Uingereza, uliowatengea hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini katika eneo linalojumuisha Kajiado ya leo, uliandikwa kwa Kiingereza. Mwishoni mwake yameorodheshwa majina ya wakalimani wa Kiswahili na wa Kimaasai. Wazee walioutia alama zao hawakuweza kuusoma. Waliupokea kwa midomo ya watu wengine. Mkataba wa pili, wa 1911, uliwahamisha wale wa Laikipia kwenda kusini, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913 walishindwa, mahakama ikisema haina mamlaka juu ya mikataba hiyo. Katika kumbukumbu za kesi, mlalamishi wa kwanza ameandikwa Ol le Njogo. Hata ole yake ilikatwa vipande viwili.

Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 sasa kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Akitamka "kule" kizimbani Kajiado, mkalimani huyo ndiye atakayejua kama ametaja mahali au ametaja maziwa.