Beji za Vita na Daraja la Rusizi

Vitu vitatu huonekana juu ya vazi la askari, navyo yafaa tuvitofautishe kwa majina. Nishani ni tuzo ya ushujaa au utumishi; tepe huonyesha cheo; beji hutaja kikosi. Nishani na tepe hutoka serikalini. Beji, hasa wakati wa vita, yaweza kuzaliwa mikononi mwa fundi cherehani au mfua chuma, na ndiyo maana wakusanyaji wa vitu vya kale huitafuta kwa shauku kubwa.

Chukua mfano wa beji ya kisu chenye mabawa. Ni alama ya SAS, kikosi cha Uingereza kilichoundwa Misri mwaka 1941. Ilibuniwa na askari wa kikosi chenyewe, ikashonwa na mafundi cherehani wa Cairo. Wabelgiji waliopigana katika kikosi hicho waliirithi, na baada ya vita batalioni yao ya kwanza ya askari wa miavuli iliendelea kuivaa.

Basi alama iliyoshonwa Afrika ikarudi Afrika kutoka angani. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli zaidi ya 300, wakiongozwa na Kanali Charles Laurent, walirushwa kutoka ndege za Marekani juu ya Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ili kuwaokoa mateka wa kigeni. Siku mbili baadaye walishuka Paulis, mji uitwao sasa Isiro. Siku ile ile ya 24 jeshi la Kongo liliingia Kisangani kwa barabara, likifuatana na mamluki wa Mike Hoare, ambao beji yao ilikuwa na picha ya bata wa mwitu.

Waliokuwa wakiushikilia mji tangu Agosti walijiita kwa neno letu wenyewe: Simba. Wengi wao walijitambulisha kwa vipande vya ngozi za wanyama, manyoya na majani. Mganga aliwapaka dawa, nao wakaenda vitani wakipiga ukelele wa “Mai Mulele”, wakiamini kwamba risasi zitageuka maji. Mwalimu wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba “mai” ni “maji” katika lafudhi ya Kongo, na atakumbuka Majimaji ya mwaka 1905. Ngozi ile nayo ilikuwa beji, tena ya mkono kabisa. Lakini katika mikusanyo ya ng’ambo kisu na bata ndivyo vinavyotafutwa, na ngozi imeoza pamoja na mwenyewe.

Mkasa huo ulifika pia mpakani mwa Rwanda. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme, pamoja na askari wa Katanga, waliasi na kuuteka mji wa Bukavu mwezi Agosti. Mwanzoni mwa Novemba, baada ya kushambuliwa vikali na jeshi la Kongo, walivuka Mto Rusizi wakaingia Cyangugu, pahali ambapo leo pana mpaka wa Rusizi I. Jeshi la Rwanda likawanyang’anya silaha. Mamluki, waliozidi 100, walizuiliwa humo nchini hadi Aprili 1968, ndipo wakasafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Askari wa Katanga, waliokuwa wengi zaidi na wenye wake na watoto, walirudishwa Kongo. Walivuka mto pamoja, lakini hawakurudi kwa njia moja.

Nani basi atakusanya habari zao? Mkusanyaji stadi huanza kwa kugeuza beji nyuma. Iliyoshonwa kwa mkono huonyesha mafundo na nyuzi zisizolingana. Ya mashine hulingana mno. Beji ya chuma iliyonakiliwa kwa kumiminwa katika kalibu huwa na mistari hafifu, tena hupungua kidogo kuliko ile ya asili, kwa kuwa chuma husinyaa kipoapo. Ujuzi huo ni mwema, lakini unathibitisha kitu tu; haumthibitishi mtu.

Hapo ndipo kazi yetu walimu inapoanza. Kiswahili kinasemwa Bukavu, na ng’ambo ya pili Kamembe na Cyangugu kinafahamika. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1967 wanazidi kupungua. Mwanafunzi akileta darasani kifungo, tepe au beji ya zamani, tusimwulize bei yake. Tumwagize arudi kwa mzee aliyempa, akaandike kwa Kiswahili maswali manne na majibu yake: kilivaliwa na nani, kilitengenezwa na nani, kilifikaje hapa, na aliyekivaa alikwenda wapi. Karatasi hiyo na iwekwe pamoja na kile kitu, visitenganishwe tena.