Mama mkimya: tabia yako si ugonjwa

Je, wageni wakija kumwona mtoto unatamani waondoke mapema, si kwa kuwachukia bali kwa sababu maongezi yanakuchosha? Je, ukitoka kwenye kikao cha kikundi unahitaji kukaa peke yako ndipo nguvu zirudi? Hapa Ipelele mama wa namna hiyo anaweza kuambiwa ana maringo, au ana jambo moyoni. Mara nyingi hana lolote. Ndivyo alivyo.

Ukimya wa asili ni nini?

Wapo watu wanaopata nguvu kwa kuzungumza na wengi, na wapo wanaozipata wakiwa peke yao au na mtu mmoja waliyemzoea. Daktari wa Uswisi, Carl Jung, alieleza tofauti hii katika kitabu chake cha mwaka 1921. Tabia hii hauhitaji kuitibu, na haikufanyi kuwa mzazi mbaya.

Ukimya unapokuwa dalili

Angalia mabadiliko. Mama mkimya kwa asili bado hufurahia mtoto wake na kazi zake. Lakini baada ya kujifungua, mama anaweza kupata sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu mama 20 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Nenda zahanati ikiwa kwa wiki mbili au zaidi:

- una huzuni, au unalia mara kwa mara bila kujua sababu;
- hufurahii tena vitu ulivyovipenda;
- hulali hata mtoto akiwa amelala, au huna hamu ya kula;
- unajiona hufai, au humjali mtoto.

Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri wiki mbili. Mwambie mtu wa karibu na uende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Familia zikumbuke: mama aliyekuwa mkimya tangu zamani ni rahisi kusahaulika. Watu husema, "Huyo ndivyo alivyo," kumbe safari hii anaumwa. Muulizeni mkiwa wawili, si mbele ya wageni, na mpeni muda wa kujibu.

Ukimya usikuponze kliniki

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kama kujieleza mbele ya muuguzi ni kazi ngumu kwako, andika maswali yako kwenye karatasi ukiwa nyumbani, au nenda na mtu unayemwamini akusaidie kusema. Unaweza pia kuomba kuzungumza faragha. Dalili za hatari zisikae moyoni hata saa moja: kutokwa damu nyingi, homa, degedege, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu.

Na mtoto je?

Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia, lakini hahitaji mama anayeongea kutwa nzima. Unapomwogesha, kumnyonyesha au kumenya viazi jikoni, mtajie unachofanya kwa maneno machache. Akitoa sauti, mjibu. Baba, bibi na kaka zake wachangie pia.

Mtoto naye anaweza kuwa mkimya kwa asili. Huyo anasikia, anaelewa na anacheza. Usimlazimishe kusalimia kwa kumwaibisha mbele ya watu. Mpeleke akachunguzwe ikiwa:

- ana miezi 6 na hageuki akisikia sauti;
- ana miezi 18 na hasemi neno lolote;
- ana miaka 2 na haunganishi maneno mawili, kama "mama njoo";
- ameacha kusema maneno aliyokuwa akiyasema, umri wowote.

Pumzika bila hatia

Waombe ndugu wapokee wageni kwa zamu, nawe ukae chumbani na mtoto kwa muda. Chagua mtu mmoja, awe dada, jirani au mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye utamwambia ukweli siku mambo yakiwa mazito. Huyo mmoja anatosha.