Hongo, Stika na Madabodi

Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipopita Kazeh, mahali ilipo Tabora ya leo, mwanzoni mwa 1861, katika safari yake ya pili ya maziwa makuu, aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wakiwa vitani. Adui yao alikuwa Mnywasele, mtemi wa Unyanyembe, aliyekalia kiti baada ya kufa Fundikira. Kwa maelezo ya Speke, chanzo cha yote kilikuwa kodi. Enzi za Fundikira, bidhaa za wafanyabiashara hazikutozwa kodi. Mnywasele akaubadili utaratibu: hesabu ifanywe kwa mzigo, na kila bidhaa inayoingia nchini mwake ilipiwe. Waarabu wakagoma, maneno yakazaa vita, Mnywasele akakimbia na Mkasiwa akasimikwa mahali pake. Kisa hiki husimuliwa kama habari ya tamaa, ya mtemi au ya wageni, kutegemea anayesimulia. Nionavyo mimi, kiasi cha kulipa kilikuwa jambo la pili. La kwanza lilikuwa ruhusa imefungwa kwenye nini: kwenye mtu, au kwenye kitu alichobeba? Wafanyabiashara waliamini wamekwisha kuipata kwa urafiki wao na Fundikira. Fundikira alipozikwa, hakuna aliyekuwa na cha kuonyesha.

Swali hilohilo linaamuliwa leo, bila baruti, kwenye meza za mafundi wa kompyuta pale Tabora. Laptopu imejaa virusi au diski yake imekufa, mwenyewe anataka apigiwe Windows upya, na kazi ikifika katikati mashine inadai namba ya ufunguo, herufi na tarakimu 25. Mteja hana. Aliyemuuzia hana. Aliyeileta kutoka Dubai au Ulaya ikiwa mtumba hakuwahi hata kuulizwa. Ni rahisi kusema hapa kuna wizi, na sitakana kwamba upo. Lakini laptopu nyingi za aina hiyo zilitoka kiwandani zikiwa na leseni, na gharama yake imo ndani ya bei aliyolipa mnunuzi wa kwanza. Haki ipo, kilichopotea ni ushahidi wake. Na umepotea kwa sababu Microsoft imeuhamisha ushahidi huo mara kwa mara tangu miaka ya 1990, kila mara ikimfikiria mtu aliyenunua mashine mpya dukani, huku miji kama Tabora ikiipokea mashine ileile kwa mkono wa tatu au wa nne.

Mwanzoni ushahidi ulikuwa kwenye kasha. Ufunguo wa Windows 95 ulikaguliwa kwa hesabu ya darasa la nne: jumla ya tarakimu saba za mwisho igawanyike kwa 7. Kompyuta haikumuuliza mtu yeyote wa nje, kwa hiyo namba moja ilitosha mtaa mzima. Tanzania haikuwa na haja kubwa ya namba hizo. Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na mashine zilipoanza kumiminika baada ya milango kufunguliwa, enzi ya ulegevu ilikuwa inakaribia kwisha. Oktoba 2001 ilikuja Windows XP, na pamoja nayo utaratibu mpya: ndani ya siku 30 mashine ijitambulishe kwa kampuni, kwa intaneti au kwa simu, ikitaja ufunguo wake na muhtasari wa vifaa vyake vya ndani. Ruhusa ikawa imetoka kwenye kasha na kufungwa kwenye chombo, kama alivyotaka Mnywasele.

Kwa laptopu, cheti cha ruhusa hiyo kilikuwa stika iliyobandikwa chini ya mashine. Stika ile inastahili kuangaliwa kwa makini. Imekaa mahali penye joto, panaposuguliwa na mapaja, meza na mkoba. Waliotunga funguo za enzi za XP na Windows 7 walikuwa waangalifu kiasi cha kuondoa irabu zote, sifuri na moja, ili msomaji asichanganye. Hata hivyo waliacha B na 8, wakaacha G na 6. Stika ikiwa mpya, tofauti inaonekana. Ikishapitia mikono mitatu na vumbi la kiangazi cha Unyamwezi, fundi anabaki kuigeuzageuza mwangani, akijaribu mara hii na mara ile.

Hata akiisoma sawasawa, katika enzi za XP kulikuwa na mtego mwingine. Ufunguo wa stika, yaani wa mashine iliyouzwa na Windows ndani yake, ulikataliwa na diski ya dukani. Ulihitaji diski ya aina yake. Fundi wa mji mdogo alikuwa na diski moja, pengine mbili. Mteja mwenye ufunguo halali kabisa akaambiwa na mashine kwamba ufunguo wake ni batili. Fundi alijua dawa: zilikuwepo funguo za makampuni makubwa, zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi zenye mamia ya kompyuta na zisizodai kujitambulisha, na mmojawapo ulivuja hata kabla XP haijaingia sokoni. Akautumia. Mashine iliyoingia kwenye kibanda ikiwa na leseni ikatoka haina, na hakuna aliyekusudia kuiba. Hapo ndipo ninapoona uzito wa hoja yangu. Utaratibu uliowekwa kuzuia nakala haramu uliwafundisha mafundi waaminifu kuzitumia, kwa kuwa njia halali ilidai kitu ambacho soko la mtumba halikibebi.

Kampuni nayo iliona udhaifu wa stika. Kuanzia Windows 8, Oktoba 2012, ufunguo wa laptopu mpya ulichomekwa ndani ya chipu ya madabodi, na programu ya kusimika ikawa inausoma yenyewe. Kwa mtumba hili lilikuwa jema kuliko yote yaliyotangulia, maana ushahidi sasa unasafiri na mzigo bila kuangaliwa na mtu. Tatizo ni kwamba madabodi ikiungua, na fundi akafunga nyingine aliyoitoa kwenye laptopu mbovu, ufunguo nao umekwenda. Windows 10 ya Julai 2015 ikasogeza mambo tena: leseni ya dijitali, iliyoandikwa kwenye seva za kampuni, na tangu 2016 ikaweza kuunganishwa na akaunti ya mtumiaji. Ruhusa ikawa inamwelekea mtu tena, kama enzi za Fundikira, ila mtu huyo mara nyingi ni karani fulani wa ng'ambo aliyeiuza mashine yake zamani.

Watakaonipinga watasema hongo, yaani ushuru wa njia ambao misafara iliwalipa watemi, na leseni havifanani: hongo ililipwa kila msafara ulipopita, leseni hulipiwa mara moja. Nakubali, na tofauti hiyo inampendelea mtemi. Watemi wa Ugogo, kwenye njia ya kutoka pwani kwenda Kazeh, walilalamikiwa na kila msafiri kwa madai yao ya merikani, kaniki na ushanga, lakini waliuza kitu kinachoonekana, maji na usalama, na waliweza kukaliwa kitako siku mbili tatu mpaka bei ishuke. Mashine haina baraza. Wengine watasema sheria ni sheria: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayolinda pia programu za kompyuta, na asiye na ufunguo anunue. Lakini anunue wapi? Funguo za bei ya kutupa zinazouzwa mtandaoni nyingi ni zilezile za makampuni, zikizuiwa mnunuzi amepoteza fedha. Na kumtaka alipie upya mashine ambayo leseni yake ilishalipiwa ni kumtoza hongo mara mbili kwenye lango moja. Wapo pia watakaotaja programu huria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kazi ya kuheshimiwa. Lakini anayefundisha au kuajiri kwa Windows humrudisha mteja kwa Windows.

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft iliposimamisha huduma za kawaida za Windows 10, ugomvi umehamia upande mwingine. Leseni ya dijitali ya Windows 10 inakubaliwa na Windows 11 bila ufunguo mpya. Kinachokataliwa ni chombo chenyewe: mfumo mpya unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo laptopu nyingi za mtumba hazina. Mafundi wana njia za kuuruka ukaguzi huo. Windows 11 inaingia, inaitambua leseni na kuikubali, na kampuni haiahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho.