Moto wa Ng'ambo ya Bonde

Usiku wa Julai mjini Arusha humfundisha mtu kujikunyata. Katika ujana wangu, kabla sijajua kwamba nitakula kwa kalamu, nililinda duka la mfanyabiashara mmoja mjini humo. Nilikuwa na rungu, koti la mtumba na kitabu, nami nilisoma chini ya taa ya baraza hadi alfajiri. Mwisho wa mwezi tajiri yule alinikata sehemu ya mshahara. Sababu yake: nimeitumia taa yake. Mlinzi mwenzangu, mzee wa Tanga, alicheka hadi akakohoa, kisha akaniambia, "Mwanangu, kesi yako ilikwisha kuamuliwa zamani." Ndipo akanihadithia.

Maskini mmoja aliahidiwa na tajiri dinari mia endapo atakesha ndani ya birika la maji baridi, uchi, mpaka jua lichomoze. Akakesha. Asubuhi tajiri akamwuliza, "Usiku kucha ulikuwa ukitazama nini?" Akajibu, "Moto mdogo, ng'ambo ya bonde." Tajiri akasema, "Basi umeota moto, ahadi imevunjika." Kadhi akakubaliana naye. Abunuwasi aliposikia, aliwaalika wote karamu. Adhuhuri ikapita, chakula hakuna. Wageni walipokwenda jikoni waliona moto umekokwa chini, na chungu kimetundikwa juu kabisa mtini. "Ikiwa moto wa bondeni ulimpa yule joto," akasema mwenyeji, "na huu utaivisha pilau." Maskini akalipwa.

Abunuwasi wa hekaya zetu ana asili katika mtu wa kweli. Abu Nuwas, mshairi mkubwa wa Kiarabu, alizaliwa Ahvaz, nchi ya Uajemi, katikati ya karne ya 8. Mama yake alikuwa Mwajemi. Alifika Baghdad, akaliona baraza la Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia mwaka 786 hadi 809. Baada ya kufa kwake, jina lilitengana na mashairi likavaa ujanja, na katika pwani yetu likawa jina la mtetezi wa wanyonge. Kisa cha moto wa mbali nacho hakina mwenyewe mmoja. Waajemi na majirani zao humsimulia Mulla Nasruddin kwa visa vya namna hiyo hiyo. Uhabeshi, kisa hiki ni cha mtumishi aliyekesha uchi juu ya mlima, nacho kilichapishwa kwa Kiingereza na Harold Courlander na Wolf Leslau mwaka 1950.

Utafiti wa hadithi za Kiajemi nao una kiungo na visiwa vyetu. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad wa karne ya 10, ni miongoni mwa watu wa mwanzo kuandika kwamba kilikuwako kitabu cha Kiajemi kilichoitwa Hezar Afsan, yaani Hekaya Elfu. Wataalamu hukihesabu kuwa chimbuko mojawapo la Alfu Lela Ulela. Mtu huyo huyo alisafiri hadi pwani ya Zanji, na mwaka 916 aliondoka Qanbalu kurejea Oman. Wataalamu wengi huamini kwamba Qanbalu ilikuwa Pemba. Hivyo mmoja wa mashahidi wetu wa kale juu ya hadithi za Uajemi alikwisha kukanyaga mchanga wetu. Kutoka pwani, hekaya zilipanda bara pamoja na misafara, wapagazi na walimu wa madrasa, na huko Arusha hatimaye zilinikuta barazani.

Lakini turudi kwa kadhi, maana nimemwonea kwa miaka mingi. Kadhi yule hakuwa mjinga. Joto lina njia tatu: hupita ndani ya kitu, kama katika mpini wa sufuria, hubebwa na hewa au maji yanayosogea, na husafiri lenyewe kama mwanga, bila kuhitaji kitu cha kulibeba. Njia hii ya tatu wanafizikia wetu huiita mnururisho. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150, katikati pakiwa patupu, nalo hutuunguza. Kwa hiyo ni kweli kwamba moto wa ng'ambo ulimfikishia maskini joto. Kadhi alikosea katika kipimo tu. Umbali ukiongezeka mara mbili, joto la moto mdogo hupungua mara nne. Ukiongezeka mara kumi, hupungua mara mia. Aliye mita 1,000 kutoka motoni hupata sehemu moja katika milioni ya joto analopata aliye mita moja.

Tena kuna upande wa pili wa hesabu, ambao hakimu hakuuliza kabisa. Mwaka 1791 Pierre Prévost wa Geneva alieleza kwamba kila kitu hutoa na kupokea joto la mnururisho wakati wote, kiwe cha moto au cha baridi. Mwaka 1814 William Wells, tabibu wa London, alionyesha kuwa umande hutua kwa sababu ardhi hupoteza joto lake kuelekea mbingu iliyo wazi. Mwaka 1879 Josef Stefan alipata kanuni ya kiasi chenyewe. Katika usiku usio na mawingu, kila mita ya mraba ya ardhi yaweza kupoteza wati 60 hadi 100 zaidi ya inazopokea. Ndiyo maana apandaye Meru, akilala kwenye vibanda vya mita 3,500 chini ya nyota, hukuta asubuhi majani yamevaa weupe. Maskini wetu naye alikuwa chini ya mbingu hiyo hiyo. Moto ulimpa tone. Mbingu na maji vilimnyang'anya mtungi.

Waajemi waliutumia ujuzi huu kabla haujaandikwa kwa kanuni. Pembeni mwa jangwa walichimba mabirika ya kina kifupi, wakajenga ukuta mrefu wa kuyakinga na jua la mchana. Usiku wa majira ya baridi maji yalitoa joto lake kwenye mbingu kavu yakaganda, na asubuhi barafu ilikusanywa katika kuba la udongo liitwalo yakhchal. Na neno letu barafu ni lao: barf, theluji. Lilikuja kwa bahari, kama bandari na pamba, likafika pwani isiyojua theluji, kisha likapanda hadi vilele vya Kilimanjaro na Meru.

Hata Abunuwasi mwenyewe nimemchunguza upya. Hewa ya moto hupanda. Chungu kilichotundikwa juu ya moto hupata joto la hewa hiyo pamoja na la mnururisho. Mtu wa birikani hakuwa na hewa ya kumpandia. Kumbe Abunuwasi alimpa mshindani wake nafasi nzuri kuliko ile ya maskini, na bado pilau haikuiva. Wasimulizi wanaomdhania kuwa mdanganyifu hawajapiga hesabu.

Kwa nini nimechelewa hivi kuiona? Kwa sababu hekaya niliipata kwa Kiswahili, na joto nililisoma peke yangu katika vitabu vya Kiingereza, lugha ambayo hadi leo sekondari zetu nyingi hufundishia fizikia. Mtoto wa Arusha hulala na Abunuwasi nyumbani na huamka na Stefan darasani, na hakuna anayewakutanisha. Mwalimu atakayeanza somo la mnururisho kwa kuuliza, "Je, kadhi alihukumu sawa?" hatakosa mikono hewani.

Fedha yangu iliyokatwa haikurudi, nami siidai. Taa ile kweli ilinipa mwanga, na joto kidogo pia. Nilichotamani ni mtu wa kuuliza ni kiasi gani, na usiku ule ulinichukulia kiasi gani.