Land Rover ya Anko Ina Story Ambayo Haiko Kwa Kitabu Chake

Wasee, wengi mmeniuliza nilipotelea wapi wiki mbili zilizopita. Nilikuwa kwa Land Rover. Sio ile mpya ya watu wa Karen yenye skrini kubwa kama TV ya sebuleni. Naongea kuhusu Series IIA ya 1967, ile ndefu ya inchi 109, ambayo ilikuwa gari ya Kenya Army kabla iuzwe kwa mnada. Mkulima mmoja wa Nyahururu aliinunua akabebea maziwa hadi ikazima kabisa. Mwaka wa 1996 anko wangu, ndugu ya mum, akaichukua ikiwa maiti. Alimaliza miaka minne akiifufua, na hadi leo hajawahi kumwambia mkewe jumla ya hiyo pesa.

Wakati ule aliipiga rangi ya maziwa kwa sababu hakutaka maswali barabarani. Sasa amestaafu, na ameamua kuirudisha kwa ile kijani ya jeshi, na kila kitu kikae kama kilivyotoka kiwandani. Debe la rangi alishanunua. Mimi nikaona hapo kuna content safi: video ya gari ikigeuka kuwa askari tena, muziki kiasi, watu wachizi. Tukakubaliana kwanza tuende nayo kempi mara ya mwisho ikiwa na rangi ya maziwa. Nairobi, Karatina kusalimia shosho, Nanyuki, Isiolo, halafu Archer's Post, kando ya mto Ewaso Nyiro.

Hii gari ni ya kubembelezwa. Kuna gia nne za kawaida, halafu kuna vijiti viwili vya ziada. Cha manjano kinaamsha magurudumu ya mbele, na chekundu kinakupa gia nzito ya kupanda mlima ukitembea polepole kama kobe. AC ni vifuniko viwili vya bati chini ya kioo cha mbele. Unavifungua, upepo unaingia pamoja na nzi na vumbi ya kila lori lililo mbele yako. Petroli inakaa kwa matanki mawili chini ya viti, yaani umekalia mafuta. Lita moja inakupeleka kilomita sita, saba ukiwa na bahati. Ukifika themanini kwa saa, hakuna kuongea tena, mnaelewana kwa ishara. Na oili lazima idondoke. Anko anasema siku haijadondosha ndio uogope, maana imeisha.

Kile kilinibamba zaidi kiko chini kabisa. Anko alinilaza kwa lami akanionyesha difu ya nyuma imepakwa rangi nyeupe, na juu yake kuna kataa kadogo kanamulika hapo tu. Magari ya jeshi yakisafiri usiku kwa msafara, yanazima taa zote. Dereva wa nyuma anafuata hako kaduara keupe, na mtu aliye mbali haoni kitu. Nilirekodi hiyo sehemu mara tatu. Nikawaza, hii ndio itafungua video.

Kwa njia anko alinipigia historia, na hapa nitaifupisha kwa sababu yeye hakuifupisha. Land Rover yenyewe ni mtoto wa vita. Maurice Wilks, mkubwa wa uhandisi pale kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep kuukuu ya Wamarekani kwa shamba lake huko Anglesey, Wales. Akajiuliza ikizeeka kabisa atatumia nini. Jibu lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bodi ni ya aloi ya alumini kwa sababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgao. Ndiyo maana hadi leo bodi za hizi gari haziozi haraka, inayooza sana ni chesisi. Jeshi la Uingereza lilianza kuzinunua 1949. Hebu shika huo mwaka.

Hata jerikeni. Nyuma ya gari tulikuwa na mbili za chuma, za lita ishirini. Zilibuniwa na jeshi la Wajerumani miaka ya thelathini. Zina mishikio mitatu juu ili watu wawili waweze kusaidiana kubeba moja iliyojaa, au mtu mmoja abebe mbili tupu kwa mkono mmoja. Waingereza walienda vitani huko jangwani Afrika Kaskazini na madebe ya bati ya galoni nne, na yalikuwa yanavuja vibaya sana. Walipoziteka zile za adui, wakaiga. Jina "Jerry" ndilo walilomwita Mjerumani. Kwa hivyo ule mtungi wa manjano unapanga nao foleni huko Githurai maji yakipotea, babu yake alikuwa mwanajeshi. Hiyo sikuijua, na nimebeba mtungi maisha yangu yote.

Karatina tulifika saa saba. Kwa shosho unaacha barabara kuu, unashuka bonde, unapanda. Anko alipiga honi kama kawaida yake. Shosho alitoka jikoni akafika kona ya nyumba, akasimama pale.

Shosho amezaliwa 1943. Ameona gari za anko nyingi, lakini hii hakuwahi kuletewa nyumbani, ilikuwa ikikaa Nairobi kwa gereji. Tulikunywa chai, tukala mukimo, stori za kawaida. Halafu anko akamwambia, "Maitu, ingia tukupeleke hadi kanisani, usitembee." Akakataa. Akabembelezwa. Akasema kwa Kikuyu, polepole, kama mtu anayesema bei: ile ndani yake siingii.

Anko akacheka kidogo, akaanza kujitetea. Kwamba hii ni ya 1967, uhuru ulikuwa umeshapatikana miaka minne. Kwamba waliopanda hii walikuwa askari wetu, wa Kenya, sio Wazungu. Shosho akaiangalia pale mbele, zile taa mbili zilizokaribiana katikati kama macho, akasema, "Sura ni ile ile."

Alikuwa na miaka kumi na moja mwaka wa 1954. Kati ya mwaka huo na 1955, serikali ya mkoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja wa upande huu wa Mlima Kenya, ikawafungia kwa vijiji vyenye mitaro, miti iliyochongwa na mnara wa walinzi. Mtaro wa kijiji chao waliuchimba wanawake, mama yake akiwemo. Baba yake alichukuliwa usiku, akapelekwa hadi Manyani, na akarudi 1958 akiwa mtu wa kukaa kimya. Haya nilikuwa nimeyasikia vipande vipande. Ile sikuwahi kusikia ni jinsi gari lilivyokuja. Alisema walisikia mngurumo kwanza, wakatoka kuangalia bonde, na hawakuona taa. Mngurumo ulipanda hadi mlangoni na bado hakukuwa na taa.

Mimi nilikuwa na simu mkononi, na ndani yake video tatu za kataa kadogo chini ya difu. Sikusema kitu. Anko pia.

Tulipotoka pale tulinyamaza hadi karibu Kiganjo, na hatukuwa hata tumefika themanini.

Sasa niseme maoni yangu, ndio maana mko hapa. Kuweka gari za zamani za jeshi ni kitu poa, na sitaambiwa ni ushamba wa wakoloni. Uingereza wana chama kinaitwa Military Vehicle Trust, na kuna mikutano watu wanakuja na malori, hema na majiko ya jeshi, wanalala uwanjani siku kadhaa. Msee anajua gari lake lilikuwa la kikosi gani, redio ilikaa upande gani, rangi ilikuwa ya namna gani. Kila Juni wengine wanavuka hadi Normandy na Jeep zao kukumbuka waliokufa 1944. Hiyo naiheshimu, wanakumbuka watu wao.

Lakini gari lina watu wa aina nyingi. Kuna aliyeliendesha, kuna aliyelisukuma likikwama, kuna aliyebebwa nyuma bila kupenda, na kuna aliyelisikia likija. Vitabu vya gari vinaandika wa kwanza peke yake, na hata huyo akiwa Mwafrika mara nyingi anaandikwa kama idadi tu. Karatina hapo hapo tulipopita ndipo karibu na mahali Waruhiu Itote, Jenerali China, alikamatwa Januari 1954. Huyu mtu alikuwa koplo wa King's African Rifles, akapigana Burma kwa niaba ya Mwingereza. Aliyajua magari ya jeshi kutoka ndani kabla aanze kuyakimbia msituni. Mwambie mtu kama huyo gari lina historia moja uone.

Nilidhani hapo ndipo story inaishia. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya post: gari la mkoloni, machungu ya shosho, basi. Anko naye alikuwa bado anashikilia hoja yake. Tulipopita Nanyuki akarudia, kama anaongea na usukani, "Lakini hii ilikuwa yetu."

Archer's Post tulifika jua likizama. Kempi ni ya kawaida, miti ya mikoma, mto wa rangi ya chai, na nyani wanaokuangalia kama wana deni lako. Tulifunga turubai ubavuni mwa gari, tukapika ugali kwa jiko la mafuta ya taa. Usiku mlinzi akaja kuota moto. Mzee wa Kiborana, kwao Garba Tulla. Alisalimia, akatuuliza, "Mmetoka Kenya leo?" Ukiwa wa Nairobi hilo swali linakuchanganya, maana unadhani bado uko Kenya. Huko juu watu wanaliuliza tu hivyo, na halina utani.

Akazunguka gari. Akashika mlango kwa kiganja. "Hii ilikuwa ya jeshi."

Anko akasema ndio, kwa furaha, akidhani amepata mpenzi wa Land Rover. Mzee akakaa chini. Kisha akatueleza habari za mwaka aliokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi.

Shuleni hii tunapitishwa haraka sana. Wakati wa uhuru, Wasomali na wengine wengi wa Kaskazini walitaka kujiunga na Somalia. Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupanda, serikali yetu ikatangaza hali ya hatari kule. Vita ya shifta ikaendelea hadi makubaliano ya Arusha, Oktoba 1967. Na katikati, hiyo serikali yetu mpya ikafanya nini? Ikawakusanya wafugaji kwa vijiji vyenye ulinzi, Garba Tulla ikiwa mojawapo. Njia ile ile waliyofanyiwa kina shosho, miaka kumi na kitu tu baadaye. Mfugaji ukimfungia sehemu moja, mifugo inakufa. Mzee alisema kwao walikuwa na ngamia, na walipofunguliwa hawakuwa na hata mmoja. Wengine walipigwa risasi wakionekana nje ya mpaka wa kijiji. Mwaka wa 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa usalama wasishtakiwe kwa yaliyofanyika huko miaka hiyo.

Anko alisikiliza yote. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema hii ni ya 1967, vita ikaisha mwaka huo huo, labda haikuwahi kufika Kaskazini.

"Labda," mzee akasema. "Ndugu zake walifika."

Hakuwa na hasira. Aliomba chai zaidi, akatuuliza bei ya tairi.

Asubuhi gari ikakataa kuwaka. Betri ilikuwa imelala, sababu ni mimi kuchaji simu usiku kucha. Anko akatoa hendeli ya kuzungusha injini, ile inaingia kwa tundu la bampa. Nikaishika kama rungu. Mzee akanizuia. Akanionyesha kwamba kidole gumba kinakaa upande mmoja na vile vingine, hakizunguki, kwa sababu injini ikirudi nyuma inakivunja. Alikuwa turniboi wa malori ya Isiolo kuenda Moyale miaka mingi, kabla ya lami. Akazungusha yeye mwenyewe, mara moja, mara mbili, ikashika. Tukamwambia apande tumfikishe senta. Akapanda nyuma, akagonga bodi mara mbili kama makanga, tukaondoka.

Video ya kubadilisha rangi haitakuja, poleni. Debe la kijani liko stoo kwa anko na halijafunguliwa. Hajasema hataipaka, na mimi sijamwambia asiipake. Kusema ukweli sijui ningemshauri nini.

Lakini ana daftari ya hiyo gari, ile ya kuandika service: plagi zilibadilishwa lini, springi ilivunjika wapi, tangu 1996. Tuliporudi aliniita gereji akanipa kalamu, kwa sababu mwandiko wake ni mbaya. Akaniambia nifungue ukurasa mpya. Nikaandika alichosema: Karatina, 1954, mngurumo bila taa. Garba Tulla, ngamia. Akafikiri kidogo, akasema ongeza jina la babu yake, yule wa Manyani, nikaongeza. Halafu akaenda akachungulia chini ya gari, akasema andika pia, oili, lita moja na nusu.