Maporomoko ya Hanang: Nini kilitokea, na manusura walikwenda wapi?

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwemo Gendabi. Zaidi ya watu 80 walifariki.

Je, ilikuwa volkano? Hapana. Serikali ilieleza kuwa mwamba dhaifu ulinyonya maji, ukazidiwa na uzito.

Waliokosa makazi walihifadhiwa kwenye shule zilizogeuzwa kambi. Wengine walipokelewa na ndugu. Baadaye manusura walijengewa nyumba zaidi ya 100 eneo la Waret.

Unaishi chini ya mlima? Ukisikia mngurumo au maji yakigeuka tope ghafla, usiokoe vitu. Ondoka kwenye mkondo, kimbilia mwinuko wa pembeni.