Sindano Si Kazi ya Walioshindwa: Historia Fupi ya Ushoni kutoka Pwani hadi Kasenyi

Kila mara matokeo ya mtihani wa darasa la saba yanapotangazwa, husikika kauli moja vinywani mwa wazazi: "Huyu hana kichwa cha masomo, basi apelekwe cherehani." Kauli hiyo husemwa Kasese, husemwa Bwera, na yamkini husemwa katika kila mji wa Afrika Mashariki. Ndani yake mna hukumu mbili. Ya kwanza ni kwamba kushona ni adhabu ya aliyeshindwa kusoma. Ya pili ni kwamba mtu hujifunza kushona kwa sababu moja tu, nayo ni kutafuta chakula.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba historia haikubaliani na hukumu hizo. Kwa muda mrefu ushoni ulikuwa shughuli ya heshima, na wengi walioufanya walikuwa na kazi nyingine. Tena, faida zake zilionekana hasa siku za dhiki, nyumbani kwa wale waliokuwa wamejifunza mapema bila kushurutishwa. Tutaifuata historia hiyo kutoka pwani mpaka Kasenyi, kijiji cha wavuvi kilicho kando ya Ziwa George, wilayani Kasese.

Neno lenyewe

Sisi tulio walimu wa lugha na tuanze na neno. Mswahili hushona nguo, lakini hutunga shanga, hutunga maua, na hutunga shairi. Mganda naye, akitaka kutaja kazi ya kushona, husema okutunga, na fundi wa nguo humwita omutunzi. Kwa hiyo neno ambalo pwani ni la mwandishi wa mashairi na vitabu, Kampala ni la mtu anayeshona suruali. Kitenzi ni kimoja, cha kale, na maana yake ya msingi ni kupitisha uzi ili vitu vilivyotengana vishikane. Wazee waliotuachia lugha hizi hawakuona aibu kuiweka kazi ya sindano na kazi ya fikra katika neno moja. Aibu hiyo imekuja baadaye.

Kabla ya cherehani

Kabla nguo za pamba hazijaenea, watu wengi wa nchi za maziwa makuu walivaa ngozi na magome ya miti. Huko Buganda gome la mti uitwao mutuba lilibanduliwa, likapondwa kwa nyundo za mti mpaka likawa laini na pana. Aghalabu gome halikosi matundu. Mtengenezaji alikata viraka akavishona kwa nyuzi za mimea, kisha akaunganisha vipande hata vikatosha kumvika mtu mzima. Ufundi huo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu wote. Tunaona, basi, kwamba ushoni haukuletwa kwetu na mgeni. Alicholeta mgeni ni kitambaa cha pamba, na baadaye mashine.

Kitambaa kilikuja kwa misafara. Katika karne ya 19, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, meli za Marekani zilileta Unguja nguo nzito ya pamba, nayo ikaitwa marekani kwa jina la nchi ilikotoka. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika Buganda katika miaka ya 1840, wakati wa Kabaka Suna, na pamoja nao ikaja kanzu. Mpaka leo kanzu ya Uganda hutambulikana kwa tarizi ya rangi ya damu ya mzee iliyopambwa shingoni na kifuani.

Pwani kwenyewe kulikuwa na ushoni mwingine, nao ndio mfano mzuri kuliko yote wa jambo tunalolieleza. Kofia ya kushona kwa mkono, yenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi mmoja mmoja, huweza kumchukua mshonaji wiki nyingi, hata miezi. Katika miji kama Unguja na Lamu wanawake wengi wameshona kofia majumbani mwao, katika saa zilizobaki baada ya kupika na kulea. Ziko zilizouzwa, na ziko zilizoshonwa ziwe zawadi ya mume au ndugu. Hakuna aliyesema kwamba mshona kofia ni mtu aliyeshindwa. Kinyume chake, mvaaji aliulizwa barazani ni nani aliyemshonea.

Cherehani na mabadiliko yake

Neno cherehani lina asili ya Kiajemi, katika neno lenye maana ya gurudumu. Jiwe la mviringo la kunolea visu nalo huitwa cherehe. Mashine yenyewe ilizaliwa kwa taabu. Mshonaji Mfaransa, Barthélemy Thimonnier, alipata hataza yake mwaka 1830. Mwaka uliofuata mafundi wa Paris, kwa hofu ya kunyang'anywa riziki, waliivamia karakana yake na kuzivunja mashine zilizokuwa zikishona sare za jeshi. Nchini Marekani, Elias Howe alipata hataza mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851. Siri yao kubwa ilikuwa kuliweka tundu la sindano karibu na ncha. Sindano ikishuka hupeleka uzi wa juu chini ya kitambaa na kufanya kitanzi, na hapo uzi wa pili hupita ndani ya kitanzi hicho, nyuzi mbili zikashikana.

Hesabu iliyotolewa na watengenezaji wa mashine katika miaka ya 1860 ilisema kwamba shati la mwanamume, lililohitaji zaidi ya saa 14 kwa mkono, lilimalizika kwa muda wa saa 1 na robo. Tofauti hiyo ndiyo iliyoutoa ushoni nyumbani na kuuweka barazani mwa duka. Katika miji yetu mwenye duka, aghalabu Mhindi, aliuza kitambaa ndani, na fundi cherehani akakaa nje akikanyaga kanyagio. Mafundi hao wa barazani wengi walikuwa wanaume, jambo ambalo wasemao kwamba kushona ni kazi ya wasichana hulisahau.

Fundi mmoja ameacha jina lake katika lugha. Mapokeo yanayojulikana sana nchini Uganda husema kwamba vazi la gomesi limepata jina kwa mshonaji kutoka Goa aliyeitwa Gomes, naye alihusika na mavazi ya wasichana wa shule ya Gayaza, iliyoanzishwa mwaka 1905. Leo hakuna harusi ya kimila katika Buganda isiyo na gomesi.

Ushoni Kasese na Kasenyi

Reli kutoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931, na mwaka 1956 ikafika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Migodi ilikusanya watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za kuelewana. Tambarare za Kasese zililimwa pamba, iliyochambuliwa na kuuzwa na ushirika wa wakulima wa Nyakatonzi. Upande wa Bwera, soko la Mpondwe lililo mpakani liliunganisha wanunuzi wa pande mbili, na vitenge kutoka Kongo vikapata mafundi wa kuvishona.

Kasenyi palikuwa na jambo lake. Katika miaka ya 1950 palikuwa na kiwanda cha shirika la samaki lililojulikana kwa jina la TUFMAC, na katika miaka hiyohiyo nyavu za nailoni zilianza kuchukua mahali pa nyavu za zamani. Wavu, uwe wa kitani au wa nailoni, huraruliwa na viboko na visiki. Mvuvi anayerudi alfajiri hukaa pwani ya ziwa akiunga matundu kwa sindano ya mti, akihesabu macho ya wavu ili ukubwa wake usibadilike. Huyo naye ni mshonaji, ijapokuwa hapendi kuitwa hivyo.

Katika miaka hiyo pia vilabu vya wanawake vilifundisha kushona. Kenya chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianza mwaka 1952, na Uganda nayo ilikuwa na vilabu vya namna hiyo vijijini. Wako waliovicheka, wakisema kwamba vinawafundisha wanawake kupamba vitambaa vya meza na vya kufunikia viti huku mambo makubwa ya nchi yakiamuliwa na wengine. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini ilikuja siku ambapo mkono uliozoea kupamba kitambaa cha meza ulitakiwa kwa jambo zito zaidi.

Mwezi Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Maduka mengi yalibadilisha mikono, kisha yakawa matupu. Viwanda vya nguo vya Jinja vilidhoofika pamoja na uchumi wote. Nguo ikawa bidhaa ya magendo, kama sukari, chumvi na sabuni. Katika miaka hiyo gauni la mama likageuzwa likawa sare ya mtoto, mfuko wa unga ukawa kaptura, na kola ya shati iliyochakaa ikafumuliwa, ikageuzwa ndani nje, ikashonwa tena. Kazi hizo hazikungoja mtu mwenye cheti. Ziliweza kufanywa na yeyote aliyekuwa amejifunza sindano katika saa za mapumziko, siku za neema.

Jambo hilo lilijirudia kwa namna nyingine mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia. Shule za Uganda zilifungwa Machi mwaka huo, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Kila mtu alihitaji barakoa, na kipande cha kitenge, lastiki na sindano vilitosha kuishona.

Faida zake leo

Kutokana na historia hiyo tunaweza kuzitaja faida nne.

Kwanza, ajuaye kushona hutunza alicho nacho. Usipoziba ufa utajenga ukuta: pindo lililofumuka likipigwa bandi leo, sare itafika mwisho wa mwaka. Hata nguo za mitumba, ambazo Uganda huitwa mivumba, humfaa zaidi anayeweza kuzipunguza na kuzikata upya.

Pili, ushoni ni hesabu inayoshikika. Anayetaka kukata sketi ya duara kwa kiuno cha sentimita 66 hana budi kutafuta nusu kipenyo chake, nacho ni sentimita 10 na nusu. Mwanafunzi aliyeikosea hesabu hiyo daftarini hupata alama ya kosa tu. Akiikosea kwenye kitambaa, ataikumbuka maisha yake yote.

Tatu, ushoni hulinda heshima ya wasichana. Katika shule kadhaa za Uganda wanafunzi hufundishwa kushona pedi za kitambaa zinazofuliwa na kutumika tena, ili msichana asikose masomo siku za hedhi. Pale wavulana wanaposhona pamoja na wasichana, mzaha hupungua.

Nne, ushoni hutuliza moyo. Mshono uliokwenda kombo hufumuliwa na kuanzwa upya bila kugombezwa na mtu. Mtoto aliyezoea kuhukumiwa kwa alama za mtihani huhitaji sana kazi ya namna hiyo.

Kwa Kasenyi tunaongeza faida ya tano. Kijiji kimo ndani ya hifadhi ya Malkia Elizabeth, na wakazi wake hawaruhusiwi kulima mashamba. Idadi ya mitumbwi ziwani nayo imewekewa mpaka, kwa hiyo si kila kijana atapata mtumbwi. Nyavu zikishatandazwa jioni, saa nyingi za mchana hubaki bila kazi, na saa hizo zisipojazwa na jambo jema hujazwa na pombe na kamari. Sindano haihitaji shamba wala leseni ya mtumbwi, wala kiboko haili mazao yake.

Hatusemi kwamba kila mtoto awe fundi, wala kwamba ushoni utaondoa umaskini wa wavuvi. Tunasema kwamba mzazi anayempeleka mtoto cherehani kwa hasira, baada ya matokeo mabaya, humharibia kazi hiyo kabla hajaigusa. Na afundishwe mapema, angali akifaulu, kama anavyofundishwa kuimba na kucheza mpira. Shule isiyo na cherehani na ianze na sindano, uzi na sare zilizochanika, wavulana kwa wasichana.

Nasi walimu wa Kiswahili tunayo sehemu yetu. Bandi, taraza, darizi, subana, pindo, kiraka: ni wanafunzi wangapi watakaoyaeleza maneno haya bila kufungua kamusi? Tunawaomba wenzetu wa Kasese, Bwera na kwingineko wawaendee mafundi wa barazani na waunga nyavu wa ziwani, wayaandike majina ya vyombo na mishono yao, katika Kiswahili na katika lugha zao, kisha watuletee tuyachapishe. Wafuatane na wanafunzi wao, na kila mwanafunzi aende na nguo yake moja iliyochanika.